Nilichojifunza kwa Peter Cushing nikicheza mchawi

Tangu nywele zangu zianze kuota mvi, simu za kazi huanza na shikamoo ndefu. Kijana wa prodaksheni hunijulia hali, huuliza watoto, huuliza miguu, kisha husema kuna bibi mmoja kwenye tamthilia yao anayenifaa mimi tu. Bibi huyo huwa mchawi. Nimecheza mchawi wa shamba na mchawi wa mjini, mzimu wa mke mkubwa, mama mkwe anayefuga misukule. Kazi hii naipenda. Imenilelea wanangu, na kila ninapoifanya nataka mtazamaji asite kidogo kabla ya kuzima taa usiku ule.

Aliyenifundisha kuifanya ni mtu ambaye hakuwahi kunijua. Peter Cushing, mwigizaji Mwingereza, alizaliwa Kenley, Surrey, tarehe 26 Mei 1913, akafariki Canterbury tarehe 11 Agosti 1994. Rika la wanangu, kama wanamjua, wanamjua kwa sura ile ya mkuu katili katika Star Wars ya 1977. Kabla ya hapo alikuwa amekaa miaka karibu ishirini katika filamu za kutisha za kampuni ya Hammer ya Uingereza, mara akifufua maiti, mara akiwinda wanyonya damu. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza nawezaje kumtisha mtu bila kupaza sauti. Jibu langu ni refu, na lote linapitia kwake.

Nilimwona kwanza Unguja, nikiwa binti. Mjomba wangu alikuwa akifanya kazi Maskati, na kila akija likizo alileta mfuko wa kanda za video. Zanzibar tulikuwa na televisheni tangu miaka ya sabini, wakati Bara walisubiri hadi 1994, lakini usiku wa kanda za mjomba ndio uliojaza watu. Watoto mkekani, wazee vitini, majirani wamesimama mpaka mlangoni, na deki imewekwa juu ya kabati isiguswe na mtu. Kanda moja ilikuwa Dracula ya Hammer, ya 1958. Kila mtu alikuja kumwona Christopher Lee. Alikuwa mrefu karibu mita mbili, na alipotokea ghafla na macho mekundu na damu mdomoni, chumba kizima kilipiga ukelele na bibi yangu akasema lahaula.

Mimi nilinaswa na yule mwingine. Cushing ndiye Van Helsing, daktari anayemwinda Dracula. Kuna mahali anazungumza na mashine ya kurekodi sauti, anapanga anayoyajua kuhusu wanyonya damu, moja baada ya jingine, kama karani anayefunga hesabu za mwezi. Hana haraka. Hatazami kamera kutuomba tumwamini. Na kuna mahali pengine, usiku, makaburini. Msichana mdogo aliyeponea chupuchupu anatetemeka. Van Helsing anavua koti lake lenye manyoya shingoni, anamfunika, anampa msalaba aushike, anamsemesha kwa upole wa babu. Kisha anarudi kwenye kazi inayomngoja, nayo ni kupigilia kigingi kifuani mwa mwanamke aliyekuwa mmoja wa watu wa nyumba anayoishi msichana yule. Nilimtazama nikajisemea, huyu bwana anaamini. Na kwa kuwa yeye aliamini, sisi tuliokuwa mkekani hatukuwa na pa kutorokea.

Sikujua bado kwamba hilo ni somo la kazi. Nililielewa vizuri zaidi mwaka 1995, Popobawa, yule jini anayesemekana kuvamia watu usiku wakiwa wamelala, alipoingia visiwani, akaanzia Pemba kisha Unguja. Aliyekuwapo hahitaji kuelezwa. Tulilala nje, familia na familia, mikeka imepangwa, moto unawaka, wanaume wanapeana zamu. Walikuwapo waliosimulia kwa makelele na mikono hewani, na hao tuliwasikiliza kisha tukalala. Aliyetunyima usingizi barazani kwetu alikuwa mzee mmoja jirani. Yeye alimenya muhogo huku akisimulia, sauti ya chini, akisimama kila mara kuondoa mzizi kwa ncha ya kisu, kisha anaendelea pale pale alipoachia. Kisu chake hakikutetemeka hata mara moja. Kila aliponyamaza kuondoa mzizi, sisi tuliacha kupumua.

Kipindi kile kile mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa mjini na kundi la watu waliodhani ndiye Popobawa. Hofu ilitafuta uso wa kuuvaa, ikauchukua wa mtu asiyeweza kujitetea. Hilo limebaki nami mpaka leo, na nitalirudia hapa chini kwa sababu lina uhusiano na macho ninayokataa kuvaa.

Nilipohamia Dar es Salaam na kuingia kwenye michezo ya jukwaani, kisha filamu, nilianza kumtafuta Cushing kwa makusudi. Nilitaka kujua mikono ile ilifundishwa wapi. Nikakuta maisha ya mtu aliyechelewa sana kufika. Ujana wake alifanya kazi katika ofisi ya mpima ardhi wa halmashauri, akachora ramani huku akili iko jukwaani. Mwaka 1939 alikwenda Hollywood, akapata nafasi ndogo ndogo, akarudi kwao 1942 vita vikiwa vimepamba moto. Mwaka 1943 alimwoa mwigizaji mwenzake, Helen Beck. Kazi zilipokauka alichora mitandio ya hariri ili wapate kula. Helen ndiye aliyemsukuma awaandikie barua watu wa televisheni, chombo ambacho waigizaji wengi wa jukwaani walikidharau wakati ule. Akasikiliza. Desemba 1954 BBC ilirusha moja kwa moja Nineteen Eighty-Four, mchezo uliotoka kwenye riwaya ya George Orwell, yeye akiwa mhusika mkuu, Winston Smith, na sini ya Winston kuteswa kwa panya ilizua mjadala hadi Bungeni. Alikuwa ameshapita miaka arobaini.

Hapo ndipo ninapompendea. Mtu huyu sasa ni nyota wa televisheni, ana tuzo, ana jina zuri. Anasikia kampuni ndogo inataka kutengeneza filamu ya Frankenstein kwa bajeti ya pauni kama 65,000, na wakala wake ndiye anayepiga hodi kwao. Alijitakia mwenyewe. Hammer walikuwa wakifanyia kazi Bray, katika nyumba ya zamani kando ya Mto Thames. Hawakuwa na nafasi wala fedha za majengo makubwa, kwa hiyo fundi wao wa mandhari, Bernard Robinson, alikuwa akibomoa na kuunganisha upya mbao zile zile, leo kasri, kesho maabara, keshokutwa kanisa. Mtu yeyote aliyewahi kushuti Bongo muvi tatu katika nyumba moja ya kukodi Mbezi, kwa kubadilisha mapazia na makochi tu, anaijua shule hiyo.

The Curse of Frankenstein ilitoka 1957. Ilikuwa ya rangi, na damu ilionekana nyekundu kweli, jambo ambalo filamu za zamani za Marekani za rangi nyeusi na nyeupe hazikuweza. Wahakiki wengi wa London waliichukia, watazamaji wakapanga foleni Uingereza na Marekani. Miaka kumi na moja baadaye kampuni hiyo hiyo ilipewa Tuzo ya Malkia kwa fedha za kigeni ilizoiingizia nchi. Katika miaka yote hiyo, iwe wanasifiwa au wanatukanwa, Cushing alifika kazini amejiandaa vile vile. Alipocheza daktari mpasuaji alikwenda kwanza kuuliza daktari wa kweli kifaa kinashikwaje. Alijaza skripti maelezo yake mwenyewe. Alivaa glavu nyeupe mkononi anapovuta sigara kati ya sini na sini, vidole visije vikatoka na rangi ya nikotini mbele ya kamera. Wenzake walimjua kwa kupenda vifaa: miwani, kalamu, saa, kioo cha kukuzia. Kila kitu mkononi mwake kilikuwa na sababu ya kuwapo.

Mwisho wa Dracula ya 1958 ni mfano ninaowaonyesha vijana wangu kila ninapopata nafasi. Skripti ilitaka Van Helsing atoe msalaba mfukoni. Cushing aliona tayari amekwisha kutoa misalaba ya kutosha katika filamu hiyo, akapendekeza anyakue vinara viwili vya mishumaa, avipishanishe, vifanye msalaba. Kabla ya hapo anakimbia juu ya meza ndefu na kurukia mapazia ayaangushe, mwanga wa jua uingie, na hilo pia lilitoka kwake, naye ana miaka 44. Tazama uso wake baada ya kuruka. Amechoka, shingo inauma alipokabwa, nywele zimemvurugika, na vinara vile anavishika kwa mikono miwili kwa sababu ni vizito. Hakuna ushujaa wa kujionyesha. Ni mtu aliyebanwa akatazama mezani kuna nini.

Lakini somo lililobadilisha kazi yangu liko kwenye ile ya 1957, na linahusu chai ya asubuhi. Baron Frankenstein ana mtumishi wa kike aliyemfanya mpenzi wake wa siri. Mtumishi anamtishia kwamba atasema. Baron anamfungia ndani ya maabara pamoja na kiumbe alichokiunda kwa viungo vya maiti, nasi tunasikia ukelele. Papo hapo picha inakatika: mezani, vikombe, mkate, na Baron anamwomba mchumba wake, kwa adabu kabisa, ampitishie jemu ya machungwa. Basi. Hachezi muovu. Anacheza mtu mwenye njaa ya asubuhi. Mapema katika filamu hiyo hiyo amekata kichwa cha maiti na kujipangusa damu kwenye koti bila kuitazama, na amemwalika profesa mzee asogee nyuma kidogo aione picha ukutani vizuri, kisha akamsukuma kutoka juu. Kiumbe, ambaye ni Lee chini ya mekapu nzito, kwa kweli anasikitisha kuliko anavyotisha. Anayetisha ni bwana aliyevaa vizuri, anayesema tafadhali.

Wakati nayaona haya, sisi nasi tulikuwa na wimbi letu. Miaka ya 2000 filamu za majini na mizimu zilijaa Kariakoo, Mussa Banzi akiwa mmoja wa walioanzisha njia, na watu walizinunua kweli. Zilikuwa na ujasiri mwingi na hadithi za kwetu. Wachawi wake, hata hivyo, walifanana: kaniki, masizi usoni, kicheko, macho yametolewa. Nami nilifundishwa kicheko hicho. Nakijua vizuri, kinaanzia tumboni.

Siku moja tunashuti Kigamboni, sini ya mpwa wangu kuja kunieleza mwanawe anaumwa. Mwanawe anaumwa kwa sababu yangu, watazamaji wanajua, yeye hajui. Dairekta, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, akaniambia, "Mama, hapa akishageuka kutoka unaangua kile kicheko."

Nikamwambia, "Mwanangu, nitakupa kicheko ukikitaka. Lakini kwanza nipe ungo na mchele ambao haujachaguliwa."

Alisita, lakini akamtuma mtu dukani. Nikaketi chini, miguu nimenyoosha, ungo mapajani. Binti akaingia, akaanza kulia. Nikamsikiliza huku nachagua mchele. Chuya huku, kijiwe kule. Nilipofika kwenye maneno ya skripti, kwamba mtoto atapona tu, nilikuwa nimepata kijiwe kimoja, nikakiinua kwenye mwanga nikitazame, nikakitupa nje. Ndipo nikamwuliza, "Umekula lakini, mwanangu?" Halikuwemo kwenye skripti hilo. Binti aliyekuwa anaigiza na mimi aliinua macho, na nililiona wazi baridi limempanda mgongoni. Kameramani hakukata. Dairekta naye alinyamaza, kisha akasema twende sini inayofuata, na kicheko hakikudaiwa tena.

Ungo ule ule watu wanaosema wachawi wanaupanda usiku, mimi niliutumia kwa kazi yake ya mchana. Baada ya sehemu ile kuonyeshwa, dada mmoja anayeuza nafaka sokoni aliniambia sasa akimwona mtu anachagua mchele kimya kimya anamsogelea kumsemesha. Nilimshika mkono nikacheka naye, lakini moyoni nilijua kazi imefika.

Nilisema nitarudia macho.

Fundi wa mekapu mmoja alikuja lokesheni na lenzi nyekundu. Alikuwa amezitafuta kwa shida, amefurahi nazo, na kwake ilikuwa heshima kwangu. Christopher Lee alivaa lenzi za namna hiyo, zikamuumiza, na wakati mwingine alikuwa haoni vizuri anakokwenda. Kwa Dracula zina mahali pake. Dracula ni mfu anayetembea, hakuna jirani yetu anayefanana naye. Mimi nacheza bibi. Bibi ana majirani, ana khanga zake, anakwenda kisimani. Na katika nchi hii, Kanda ya Ziwa hasa, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Macho hayo yanatokana na moshi. Kuni ni haba, mwanamke anapikia kinyesi cha ng'ombe na mabua miaka hamsini jikoni pasipo dirisha, macho yanawiva, na mtoto akiugua kijijini watu wanamtazama yeye.

Nikamweleza yule fundi hivyo hivyo, mbele ya dairekta, kwa upole lakini bila kuacha mlango wazi. Nikasema nitacheza mchawi wenu mpaka mtazamaji ashindwe kwenda chooni peke yake, ila macho yatakuwa haya niliyozaliwa nayo. Muovu wangu atakuwa na nguo safi, na sauti nzuri, na atamwuliza mgeni kama amekula. Akitoka mtu kwenye kazi yangu akiwa na shaka, awe na shaka na tendo. Asiende kumtazama bibi wa jirani machoni. Dairekta alikubali. Wengine huko nyuma hawakukubali na kazi ikaenda kwa mwenzangu, na sina kinyongo na mwenzangu, maana kodi ya nyumba haingoji. Lakini sharti hilo sasa nalitaja kwenye simu ya kwanza, baada ya shikamoo.

Hata Cushing mwenyewe kuna mahali hakuweza kushikilia sharti. Katika Frankenstein Must Be Destroyed ya 1969 waliongeza sini ya Baron kumbaka mwanamke, wakati filamu inakaribia kumalizika. Hakuitaka yeye, hakuitaka mwenzake Veronica Carlson, hakuitaka mwongozaji Terence Fisher. Ikashutiwa kwa sababu waliokuwa juu walitaka kitu cha kuuzia. Nimeitazama mara moja, inatosha. Haina uhusiano na hadithi inayobaki, hakuna anayeitaja baadaye ndani ya filamu, na waigizaji wote wawili unawaona hawapo. Mabinti ninaofanya nao kazi nawaambia kuhusu sini ile kabla hawajasaini chochote. Jambo la mwili lisemwe kwenye karatasi siku ya kusaini, lisije likazaliwa lokesheni jioni watu wamechoka.

Helen alifariki Januari 1971. Cushing alikuwa ameanza filamu nyingine ya Hammer, akaiacha baada ya siku moja ili awe naye. Baada ya kifo chake alirudi kazini kwa nguvu ya kutisha, akikubali karibu kila alichopewa, na uso wake ulikuwa umekonda kiasi kwamba katika Dracula A.D. 1972 ilibidi wambadilishe kutoka baba wa msichana awe babu yake. Mwaka ule wa 1972 ilitoka pia Tales from the Crypt. Ni filamu ya visa vitano. Walimpa nafasi nyingine, yeye akaomba ile ya mzee Grimsdyke, mzoa taka mjane anayependwa na watoto wa mtaa wake, ambaye tajiri wa jirani anamwandama mpaka anajinyonga. Mzee yule anazungumza na picha ya marehemu mke wake. Picha iliyo pale ni ya Helen.

Nimefikiria sana kama mtu afanye hivyo. Kwetu msiba una taratibu zake, kuna siku tatu, kuna arobaini, mjane ana eda yake, na watu wanakuzunguka usibaki peke yako na kuta. Cushing, mtu wa Whitstable kwenye nyumba kando ya bahari, hakuwa na mkeka uliojaa watu. Nadhani alikwenda na Helen kazini kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na watu. Ukiitazama sini ile hutaona mtu anayejaribu kutuliza. Anazungumza naye kuhusu siku ilivyokwenda, kama mume anavyozungumza na mke akirudi nyumbani.

Na kuna jambo lililofanyika Madrid, walipokwenda kutengeneza Horror Express. Alifika akamwambia prodyuza hawezi, anataka kurudi kwao. Christopher Lee akaketi naye, akaanza kumkumbusha kazi walizofanya pamoja, vichekesho vya kale vya Bray, akaongea na kuongea kana kwamba hakuna lililoharibika. Cushing akabaki, na filamu ikaisha. Urafiki wao ulianza kwenye The Curse of Frankenstein, Lee alipokuja kulalamika kwamba kiumbe chake hakina hata neno moja la kusema, na Cushing akamjibu ana bahati, maana yeye ameisoma skripti. Walifanya pamoja filamu zaidi ya ishirini. Siku zao za kuzaliwa zilifuatana, 26 na 27 Mei.

Kijana mmoja tuliyekuwa tunaigiza naye alifiwa na mama yake katikati ya kazi. Alizika, akarudi lokesheni, na kila mtu akamkwepa kwa huruma. Walimpa kiti, wakampa soda, wakamwacha. Nilikumbuka Madrid. Nikaburuta kiti changu kwenye kivuli chake, nikaanza kumsimulia jinsi tulivyokuwa tukisafiri na kundi la maigizo kwa lori, paa limevuja kwenye mapambo, mfalme wetu wa jukwaani amevaa taji la boksi lililolowa. Sikumwuliza anaendeleaje. Niliongea mpaka aliponikatiza yeye mwenyewe: "Mama, sasa taji mlifanyaje?" Nikamweleza. Alicheza sini yake jioni ile, na aliicheza vizuri. Usiku akanipigia tukaongea kuhusu mama yake, wakati alipotaka yeye.

Kuhusu Star Wars nitasema jambo moja tu. Viatu vya buti walivyompa vilimbana, akaomba aigize na ndara za nyumbani, wakawa wanampiga picha miguu isionekane sana. Hakuna mtazamaji aliyeona udogo wowote kwa mkuu yule. Mgongo umenyooka, sauti haipandi, na anaamuru sayari nzima iteketezwe kwa utulivu ule ule wa yule bwana aliyeomba jemu miaka ishirini kabla. Kazi yake ya mwisho, Mei 1994, alikaa na Lee huko Canterbury wakasoma pamoja simulizi ya filamu ya kumbukumbu kuhusu Hammer. Alikuwa mgonjwa sana, na Agosti akafariki.

Anayetaka kuanza kumtazama, na hasa kama anaigiza, aanze na The Curse of Frankenstein ya 1957. Aizime sauti mara moja atazame mikono tu. Kisha Dracula ya 1958 mpaka mwisho kwenye vinara. The Brides of Dracula ya 1960 haina Lee kabisa, lakini ina mahali Van Helsing ameumwa shingoni na mnyonya damu, yuko kwenye kinu cha upepo, na anajichoma jeraha kwa chuma cha moto kisha analimwagia maji matakatifu. Hapo hakuna wa kumsaidia, na kila hatua anaifanya kwa mpangilio wa mtu anayejua kwamba akichelewa amekwisha. Tales from the Crypt aiweke mwisho, akishamzoea. Mimi mwezi ujao naingia lokesheni tena, bibi mwingine, safari hii mshona mikeka, na tayari nimekwenda kwa mama mmoja anayesuka ukili anifundishe vidole vinapita wapi.